Mpe Mtoto Tuta Lake

Wapendwa baba na mama, wengi wenu husema kwamba mtoto wa miaka 4 hana kazi shambani ila kukanyaga miche. Ni kweli, ataikanyaga. Hata hivyo, mchukueni.

Tutazame mfano huu. Baba anafanya kazi Nairobi na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama na mtoto wamelima kishamba cha mboga nyuma ya jiko. Mtoto amepanda kunde kwa mkono wake, na kila siku anasema, "Baba akija nitamwonyesha." Baba anafika Jumamosi, anaona mistari imepinda, na shimo moja lina miche mitano. Kwa nia njema anashika jembe, anang'oa zote na kupanda upya kwa kamba. Mtoto analia. Mama anamtolea mumewe maneno makali mbele ya mtoto, naye baba anajibu kwamba yeye ndiye ajuaye kulima. Jumapili asubuhi mtoto hataki hata kushikwa mkono na babake.

Ndugu msomaji, kama wewe ndiwe baba huyo, usijitetee. Mwendee mtoto, uchutame, umwambie, "Nimekosa. Lile lilikuwa tuta lako." Wapo waonao haya kumwomba mtoto radhi, sisi twaona kutomwomba ndiyo aibu. Kisha mpandeni tena pamoja, naye ndiye aonyeshe mahali pa kila mbegu. Nawe mama, ulikuwa na haki ya kukasirika, lakini maneno yale yangengoja mtoto alale.

Ili yasiwapate hayo, patananeni ninyi wawili kabla ya mvua ya Machi au ya Oktoba. Tuta moja la mita 1 kwa mita 1 liwe la mtoto, na mtu mzima asilipange upya. Mboga ya kutegemewa na nyumba ikae kwenye matuta yenu.

Mpeni mbegu kubwa zinazoshikika kwa vidole vyake, kama kunde au maharagwe. Udongo ukiwa na unyevu, kunde huchomoza kwa muda wa wiki moja hivi, na baada ya wiki chache majani machanga huchumwa. Subira hiyo mtoto anaiweza. Sukuma wiki itamchosha, maana miche hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhamishwa, kisha ingojewe tena. Dania msimpe kabisa mwanzoni. Huweza kukaa ardhini wiki 2 au zaidi bila kuonekana, naye ataifukua kila asubuhi kuitazama!

Mkiishi mjini katika nyumba ya kupanga, jazeni gunia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, mweke nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, na mtoboe matundu ubavuni. Matundu ya chini yawe ya mtoto, kwa kuwa ndiyo anayoyafikia.

Samadi mbichi na dawa ya wadudu viwe mbali naye, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mtokapo shambani.

Jambo moja akina baba hulisahau: kishamba hiki kisiwe mzigo mwingine juu ya mgongo wa mama, ambaye tayari ana kuni, maji na jiko. Siku uwapo nyumbani, kumwagilia na mtoto ni zamu yako. Ukiwa mbali na ukapiga simu, usiulize tu kama amekula. Uliza kunde zimefika wapi, umwache aeleze mpaka amalize, hata akirudia.

Mboga ikiwa tayari, achume mwenyewe, hata kiganja kimoja, ipikwe siku hiyohiyo. Na ikiwa baba yu karibu kurudi, yaachwe majani machache kwenye tuta, ili mtoto amchumie babake.