Taswira ya Harusi katika Kukabili Hofu ya Kifo

Mwanafunzi wa Kisaju, Kajiado, hufunzwa methali isemayo kifo cha wengi ni harusi. Faraja yake imo katika wingi: msiba ukishirikiwa hupungua makali. Je, afaye peke yake atafarijiwa na nini? Wasikhi, yaani Makalasinga, walioletwa Kenya na ujenzi wa reli kuanzia mwaka 1896 na wenye hekalu Makindu tangu mwaka 1926, huitumia taswira hiyohiyo kwa maana nyingine. Katika Sohila, sala isomwayo kila usiku kabla ya kulala, na pia maiti inapochomwa, roho ni bibi harusi angojaye siku iliyopangwa ya kuungana na Mola. Basi hofu haishindwi kwa hoja, bali kwa mazoea: aliyeikumbuka siku hiyo kila usiku haioni ngeni ifikapo.