Je, ni Aibu Mtoto wa Kiume Kulia?

Baadhi ya ndugu zetu wanaohudhuria darasa wametuuliza suali hili, nasi twaona lafaa kujibiwa kwa maandishi, kwa kuwa jambo lenyewe limeenea katika kila mtaa wa miji yetu ya pwani. Mtoto wa kiume akifiwa na bibi yake, au akionewa na wenziwe, neno la kwanza analolisikia si pole. Huambiwa: "Nyamaza! Mwanamume halii." Akizidi, hufananishwa na dada yake ili aone haya. Na wengi wasemao hivi hudhani kuwa hiyo ndiyo adabu ya dini.

Jawabu yetu ni kuwa hiyo ni ada tu, wala haina asili katika Sunna. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 wa Hijra, mtoto ambaye hakutimiza hata miaka miwili, machozi yalimtoka mbele ya masahaba. Abdulrahman bin Auf akastaajabu kumwona hata yeye akilia, naye akajibiwa kuwa hayo ni rehema. Lililokatazwa ni kuomboleza kwa makelele, kujipiga mashavu na kupasua nguo. Na katazo hilo si la wanaume peke yao.

Kuna kisa kingine, kidogo kwa maneno. Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik kwa mama, alikuwa na kijidege akichezea. Kikafa. Mtume akamkuta kijana ameingiwa na huzuni, asimcheke wala asimkemee, bali alimsemeza kwa upole na kumwuliza khabari za kijidege chake. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, alitoa katika hadithi hii faida 60. Sisi leo ingetutosha moja: mtu aliyebeba mambo ya umma mzima alisimama kwa ajili ya mtoto aliyefiwa na ndege.

Watatokea wa kusema kuwa tukiwaacha watoto walie tutapata wanaume legelege. Na watutazamie Abu Bakr. Bibi Aisha alichelea babake asisalishe watu, kwani akisoma Qur'ani kilio humzidi hata asisikike. Na Mtume akaamrisha asalishe yeye yeye. Kisha siku ile alipofariki Mtume, Umar alipokuwa hakubali kuwa amekufa, ni nani aliyesimama akawatuliza watu? Ni huyo huyo mwenye machozi ya karibu.

Ama lililo zito zaidi ni hili. Kijana tuliyemfungia mlango wa huzuni tumemwachia wazi mlango wa hasira. Hatujapata kusikia mtaani mtu akimwambia mwanawe, "Mwanamume hakasiriki." Hali Mtume alifundisha kuwa mwenye nguvu si yule awaangushaye wenzake mweleka, ni yule ajizuiaye anapoghadhibika. Basi tumegeuza: lililoruhusiwa tumelikataza, na lililokatazwa tumelifanya pambo la kiume. Kisha twashangaa kijana akimpiga mkewe.

Na mtoto aliyezoezwa kumeza huzuni humeza na khabari pamoja nayo. Akipigwa bila ya haki, atanyamaza. Akiguswa visivyo na mtu mzima, atanyamaza vile vile, kwani amefunzwa kuwa kushitaki maumivu ni uke. Wako wanaoibeba siri hiyo mpaka wakawa wababa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu 727,000 walijiua ulimwenguni, na katika hao wanaume ni wengi zaidi kuliko wanawake. Sababu za msiba huo ni nyingi, wala hatusemi kuwa zote ni kimya. Lakini asiyejua kusema "naumia" ni vigumu kusaidiwa.

Kwa hivyo, baba anayemwona mwanawe amebadilika, hali chakula, au aogopa kwenda chuoni au skuli, na amwite kando, asimwulize mbele ya ndugu zake. Asiseme, "Una nini wewe?" kwa ukali. Na akae naye, hata kama jawabu itachelewa mpaka siku ya tatu. Akitaja jina la mtu, asimkatize kwa kumwambia muongo. Amsikilize mpaka amalize, kisha achunguze, hata kama aliyetajwa ni mtu wa kilemba.