Ilikuwa utani tu, afande

Oktoba 5, 2015, duara, yaani shimo la kuchimbia madini, liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, na wachimbaji 6 wakafukiwa. Siku zikapita, wiki zikapita, matumaini yakaisha. Novemba 15, siku ya 41, watano wakatolewa hai. Walikuwa wameishi kwa mende, vyura na mizizi. Mwenzao mmoja alifia chini.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwa imeanza kutumika Septemba 1 mwaka huohuo, wiki tano tu kabla ya lile duara kuporomoka. Basi nauliza: mtu aliyeandika kwenye simu yake, katikati ya Oktoba, kwamba wale jamaa wamekufa wote, alitenda kosa? Alichoandika hakikuwa kweli.

Jibu ni hapana, na sababu yake ndiyo ninayotaka uishike. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo hakimwadhibu mtu kwa kukosea. Mwendesha mashtaka anatakiwa athibitishe kwamba taarifa ni ya uongo au ya kupotosha, kwamba ulijua hivyo wakati unaituma, na kwamba ulikusudia kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Aliyeandika "wamekufa" aliamini wamekufa. Lakini ukitiwa hatiani, adhabu haina masihara: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Sasa tuje kwenye utani, maana utani una ugumu wake. Mtani anajua fika kwamba anachosema si kweli. Ndiyo raha yenyewe.

Tuseme ni saa mbili usiku, Katoro. Mmetoka karashani, vumbi la mawe bado liko kwenye nyusi, simu imechomekwa kwenye sola ya kibanda cha chipsi. Kundi lenu la WhatsApp lina watu 14, wote mnafahamiana. Mmoja anauliza kama kuna aliyemwona mbunge tangu kampeni ziishe. Mwingine anajibu: "Yule si alishakufa? Hata ubwabwa wa msiba wake tulishakula." Vikatuni vya kucheka vinamwagika. Wa tatu anadai yeye alinyimwa nyama. Wa nne anaulizia daftari la rambirambi, kuna mtu alikula hela.

Halafu mmoja wenu, kwa sababu anazozijua mwenyewe, anapiga skrinishoti ya mstari mmoja tu, ule wa kwanza, anautupa kwenye kundi la kata. Kufika asubuhi habari iko Masumbwe na Ushirombo: mbunge amefariki, serikali inaficha. Saa sita mchana askari wanamuulizia mwenye ile namba.

Nani amechapisha? Usijifariji kwamba lile lilikuwa kundi la watu 14. Kwa sheria hii kuchapisha ni pamoja na kutuma, kusambaza, kunakili na kumpelekea mwingine, kwa hiyo aliyefowadi naye yumo. Admini hatajwi kwenye kifungu cha 16, na kuwa admini peke yake hakumfanyi awe ndiye aliyeandika. Tofauti ya mtani na mpiga skrinishoti iko kwenye nia: mmoja aliwachekesha watu waliojua kwamba anachekesha, mwingine alikata kicheko akabakiza kifo.

Ila hilo lazima lionekane. Na mahali pekee linapoonekana ni kwenye mazungumzo yenyewe: swali lililotangulia, vile vikatuni, yule wa nyama, yule wa rambirambi. Kicheko cha wenzako ndicho kielelezo chako. Kwa hiyo jambo ambalo vijana wengi hulifanya wakisikia polisi wanakuja, yaani kufuta kila kitu na kujitoa kwenye kundi, ndilo baya kuliko yote. Unaangamiza utetezi wako kwa kidole chako mwenyewe, na juu yake unajitafutia kosa jipya, kwa sababu kifungu cha 22 kinamhusu anayefuta au kuficha data kwa nia ya kuzuia uchunguzi, na pia anayekaidi amri iliyotolewa kwa mujibu wa sheria hii. Maxence Melo wa mtandao wa JamiiForums, aliyekamatwa Desemba 2016, alitiwa hatiani Aprili 2020 kwa kuzuia uchunguzi, si kwa maneno aliyoyaandika yeye.

Wapo waliolipia maneno yao. Mwaka 2016 mtu mmoja Arusha aliambiwa alipe milioni 7 au aende jela miaka 3 kwa alichoandika Facebook kuhusu Rais Magufuli. Julai 2024, Rungwe, kijana mchoraji aliyejirekodi akichoma picha ya Rais Samia na kumtolea maneno makali alitozwa milioni 5 au kifungo cha miaka 2, na watu wakamchangia mtandaoni mpaka ikatimia. Mimi naona mahakama za chini huruka haraka mno kutoka kwenye "ametukana" kwenda kwenye "amesema uongo". Tusi halina ukweli wala uongo. Ukiwa na wakili, hapo ndipo pa kuanzia.

Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, na haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yako. Kusema bei ya mbolea imetushinda, kusema mrabaha wa dhahabu hatuoni umejenga nini kijijini, kumcheka diwani kwa ahadi ya kisima: hayo ni maoni, yaseme. Ibara ya 30 inaweka mipaka, na baadhi ya mipaka hiyo naiunga mkono bila kusita. Huku kwetu Shinyanga bibi vizee wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Ukiweka picha ya bibi wa jirani na kuandika "mchawi wetu huyu, mwaka huu mvua tutaisikia redioni", usije kwangu na neno utani. Na utani wa makabila, tuliourithi kwa babu zetu, unapokelewa vizuri na anayejua kwamba wewe ni mtani wake. Ukiuandikia watu usiowajua, sheria inakuona unamtukana mtu kwa asili yake.

Ukikamatwa, usianze kueleza. Najua ni vigumu, maana ukweli uko upande wako na ulimi unawasha. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari, kabla ya kukuhoji ukiwa chini ya ulinzi, ajitambulishe jina na cheo, akwambie kosa kwa lugha unayoijua vizuri, na akuonye kwamba hulazimiki kujibu swali lolote isipokuwa jina na anwani yako. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4 tangu uwekwe chini ya ulinzi, mwendo wa kukupeleka kituoni hauhesabiwi, na ukiongezwa lazima uongezwe kwa utaratibu. Mahakama ya Rufani imeshayatupa zaidi ya mara moja maelezo ya onyo yaliyoandikwa nje ya muda huo. Kwa hiyo kariri saa uliyoshikwa, na aliyekuona akiweza naye aikariri.

Kosa la kifungu cha 16 lina dhamana. Ikiwa haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa aangalie suala lako na kukuachia kwa dhamana, isipokuwa akiona kosa ni zito. Dhamana ni bure. Anayekuomba "ya mafuta" anaomba ya kwake.

Kama huna hela ya wakili, uliza ofisi ya halmashauri yako, kuanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wako wapi. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao haina malipo.

Imebaki simu. Kwa makosa ya mtandao, amri ya kupekua na kuchukua kifaa inaweza kutoka kwa mkuu wa kituo, si lazima hakimu, basi omba kuiona. Wakiichukua simu, wana wajibu wa kukupa stakabadhi. Usikubali iandikwe "simu moja nyeusi" tu. Bonyeza *#06# mbele yao, namba zinazotokea ziandikwe kwenye stakabadhi hiyo, pamoja na aina ya simu, ufa wa kioo na laini zote mbili, ile ya M-Pesa ikiwemo. Soma mpaka mstari wa mwisho, ndipo utie saini.