Salio la miwani ni 10,000, mbona unaambiwa uongeze pesa?

Septemba iliyopita mwenzetu mmoja ofisini, mama wa watoto wawili anayekaa Uthiru, alishuka tao wakati wa lunch kuchukua miwani. Kabla ya kutoka alikuwa ameangalia simu yake, na ujumbe wa bima ulisema wazi: salio la miwani, shilingi 10,000. Fremu na lenzi zilikuwa 9,500, kwa hivyo hakuwa na wasiwasi. Kufika kaunta, msichana akaangalia kompyuta na kumwambia, "Mum, hapo utaongeza 5,500." Akatoa simu, akalipa kwa Till, akarudi ofisini amenuna. Pesa hizo zilikuwa za basi la shule.

Tulikaa naye tukafungua mkataba wake, na tukagundua hakuna aliyemdanganya. Ujumbe ulikuwa wa kweli na kaunta pia ilikuwa sawa. Maswali ya aina hii tunayapata sana kutoka kwa wateja wanaolipia bima kwa simu, kwa hivyo leo tuelezane.

Kampuni ya bima inapoingiza mkataba wako kwenye programu ya kushughulikia madai, haiandiki orodha tu ya mafao. Inayapanga kama familia. Kuna fao mama, kwa mfano matibabu ya kutolazwa, halafu chini yake kuna watoto: meno, miwani, labda chanjo. Kila fao linapewa kikomo chake, linaelezwa kama ni la mtu mmoja au la nyumba nzima, na linaonyeshwa mama yake ni nani. Hapo kwa mama ndipo pesa zako zinaamuliwa. Mtoto hana mfuko wake. Anachota kwa mfuko wa mama, na kikomo chake kinasema tu asichote kupita kiasi fulani.

Sasa angalia hesabu ya mwenzetu. Fao la kutolazwa lilikuwa 60,000 kwa nyumba nzima kwa mwaka. Meno yalikuwa 15,000 na miwani 10,000, yote ndani ya hizo 60,000. Februari mzee wa nyumba akang'olewa meno na kuwekewa mengine, 15,000 zikaisha. Kwa mama zikabaki 45,000. Halafu ikaja baridi ya Juni na Julai, watoto wakakohoa, daktari na dawa vikala 41,000. Kwa mama zikabaki 4,000. Hadi hapo hakuna aliyegusa miwani, kwa hivyo salio la miwani bado linasoma 10,000! Lakini mfumo ukipokea dai huangalia ngazi zote mbili na kufuata ile ndogo. Ikalipa 4,000, na 5,500 zikamwangukia yeye.

Kwa hivyo ukisoma mkataba, tafuta maneno mawili: "ndani ya" na "nje ya". Miwani 10,000 nje ya kikomo cha kutolazwa ni mfuko wako kamili. Miwani 10,000 ndani yake ni ruhusa tu. Kwa uzazi ni vivyo hivyo, na huko tofauti yake inaweza kuwa ya makumi ya maelfu.

Bima ya serikali nayo ina ngazi, ila zimepangwa tofauti. SHA ilipoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 na kuchukua nafasi ya NHIF, ilikuja na mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaotumika hospitali za level 2 na 3, kama Kituo cha Afya cha Kangemi; hapo unahitaji tu kuwa umejisajili. Wa pili ndio SHIF, wa level 4 hadi 6, na huo unataka michango yako iwe imelipwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Kwa viwango ilivyoanza navyo, matibabu ya saratani yalilipiwa na SHIF hadi 400,000 kwa nyumba kwa mwaka, kisha mfuko wa tatu ukaongeza 150,000. Yaani huu wa tatu hauchoti kwa SHIF kama miwani inavyochota kwa mama. Kwa magonjwa sugu, unasubiri SHIF iishe ndipo ufunguke. Viwango hubadilishwa, kwa hivyo uliza vya sasa kabla ya kupanga chochote.

Kuna mahali pengine watu wanaumia, nasi tunataka ulione mapema. Mikataba mingi ya bima za kazini huchukulia kwamba SHA yako iko hai. Ukilazwa, mfumo unatoa kwanza sehemu ya SHA, kisha bima ya kazini inalipa iliyobaki. Kwa viwango hivyo vya mwanzo, kitanda cha level 4 ni 3,360 kwa siku. Ukilala siku nne, hiyo ni 13,440. Kama SHA yako imelala, mfumo bado unaweza kuzitoa, na bili hiyo itakuja kwako siku ya kutoka, wakati umeshapiga simu ya teksi. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, lakini kukatwa si sawa na kuwasilishwa. Piga *147# uangalie mwenyewe.

Na ukiwa kaunta, usiulize "salio langu ni ngapi". Uliza: "Fao hili liko ndani ya lipi, na hilo kubwa limebaki na ngapi?" Mhudumu anaweza kuiona kwenye skrini yake. Akikwambia kuna ya kuongeza, omba mchanganuo kabla ya kuingiza PIN, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Ikitokea fao liliwekwa chini ya mama asiye wake, na hutokea, ujumbe huo na mkataba ndivyo utakavyotumia kudai pesa zako zirudi.

Mwenzetu ameshauliza bei ya kutoa miwani nje mkataba ukifanywa upya Januari.