Kushona Ngozi kwa Cherahani

Fundi wa makubadhi wa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, atakaye kushona ngozi kwa cherahani, na ajue kwanza jambo hili: kitambaa kikikosewa hufumuliwa, lakini tundu la sindano katika ngozi halizibiki. Singer 29K, iliyokuwa ikifanyizwa Clydebank, Uskoti, yafaa, kwa kuwa mguu wake hugeuka pande zote. Ila haiwezi nyayo nene.

Kwanza, meza isitikisike. Pili, atie sindano ya ngozi, yenye ncha ikatayo. Tatu, uzi upite katika tundu la sindano bila kukwama. Nne, achukue kipande kisicho na kazi, chenye unene ule ule, azungushe gurudumu kwa mkono. Fundo la nyuzi likionekana juu, aulegeze uzi wa juu. Likionekana chini, aukaze, hata fundo lijifiche katikati. Matundu yasikaribiane mno, ngozi isije ikachanika kama stempu.

Jioni apanguse chuma, akitie mafuta, maana upepo wa bahari huleta kutu. Twawaomba walimu wawakumbushe vijana: maji yakimwagika hayazoleki.