SOMO LA ROBO HII: Msaada Unapofungua Mlango wa Amani



Kila yanapotokea maafa tunahesabu magunia, mablanketi na fedha zilizochangwa. Ni vyema kuhesabu. Lakini mahali ambapo watu wamegawanyika, msaada hubeba pia ujumbe: nani ametambuliwa, nani ameaminiwa, nani ameachwa nje. Robo hii tunajifunza kutoka sehemu mbili zilizopigwa na wimbi moja.

Wimbi moja, vita viwili

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra lilisababisha tsunami iliyoua watu zaidi ya 220,000. Hata katika pwani za Somalia, Kenya na Tanzania watu walipoteza maisha. Walioumia zaidi walikuwa mkoa wa Aceh, nchini Indonesia, na Sri Lanka. Sehemu zote mbili zilikuwa na mgogoro wa miaka mingi kati ya serikali na wapiganaji waliotaka kujitenga.

Aceh

Kundi la GAM lilikuwa likipigania uhuru wa Aceh tangu 1976. Mei 2003 serikali ilitangaza utawala wa kijeshi, na mashirika ya nje yakabanwa sana. Baada ya tsunami mlango ulifunguliwa, wakaingia waokoaji na wafanyakazi wa misaada kutoka nchi nyingi. GAM ilitangaza kusitisha mapigano. Mwishoni mwa Januari 2005 pande mbili zilikutana Helsinki chini ya Martti Ahtisaari, rais mstaafu wa Finland, na tarehe 15 Agosti 2005 zikatia saini makubaliano. GAM iliacha dai la uhuru na kusalimisha silaha 840. Serikali ilipunguza askari na kuruhusu vyama vya siasa vya mkoa. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya na wa nchi tano za ASEAN walisimamia utekelezaji.

Hata hivyo tusijisifu kwamba misaada ndiyo iliyoleta amani. Matayarisho ya mazungumzo yalikuwa yameanza kabla ya tsunami, na pande zote zilikuwa zimechoka. Maafa yaliharakisha kile ambacho viongozi walikuwa tayari kukijaribu.

Sri Lanka

Hapa palikuwa na makubaliano ya kusimamisha vita tangu Februari 2002, yaliyosimamiwa na Norway. Sehemu ya pwani ya kaskazini na mashariki ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa Kitamil, LTTE. Je, nani agawe misaada huko? Ilichukua karibu miezi sita kukubaliana. Tarehe 24 Juni 2005 waliafikiana kuunda kamati za pamoja. Ile ya kanda ingekuwa na wajumbe 5 wa LTTE, 3 wa Waislamu na 2 wa serikali.

Lakini chama kimoja kilichokuwa ndani ya serikali kilijitoa kwa kupinga mpango huo. Waislamu wa mashariki, walioathirika vibaya, walilalamika kwamba hawakushirikishwa katika kutia saini. Julai Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasimamisha vipengele muhimu, na mpango haukutekelezwa. Mwaka 2006 vita vilirudi kwa nguvu, vikaisha Mei 2009 baada ya raia wengi mno kufa.

Tunajifunza nini?

1. Msaada hauzai amani pasipo nia ya wahusika. Unaweza tu kuwapa sababu ya kukaa meza moja.

2. Anayeitwa baada ya mambo kuamuliwa hajashirikishwa. Kila kundi lililoathirika lihusishwe tangu mwanzo.

3. Tusione jeraha moja tu. Aceh, nyumba nyingi mpya zilijengwa pwani, huku wengi walioharibiwa na vita huko bara wakisubiri kwa muda mrefu. Wahisani, mchango unaoruhusiwa kutumika kwa aina moja tu ya waathirika unaweza kuzaa manung'uniko kati ya majirani.

Neno la kutafakari

Someni Warumi 15:25-31. Paulo alipeleka Yerusalemu mchango wa makanisa ya mataifa. Aliomba waamini wamwombee si kwa usalama wake tu, bali pia ili huduma yake ikubalike. Alijua kwamba kati ya watu wasioaminiana hata zawadi inaweza kukataliwa. Kisha someni 2 Wakorintho 8:16-21, mwone alivyotuma wenzake pamoja na mchango ili lawama isipate nafasi.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Ukame au mafuriko yakitupata, nani huandika orodha ya wanaohitaji? Je, wafugaji, wakulima, na majirani wa dini nyingine wanaiona orodha hiyo na kuikubali?
- Kuna watu gani katika eneo letu ambao shida yao haionekani kwa sababu haikuletwa na maafa ya karibuni?
- Ni jambo gani kamati yetu inaweza kukubaliana na majirani sasa, kabla ya njaa kufika?

Tunawaomba mjadili swali la tatu kwa makini zaidi. Siku ya maafa si siku nzuri ya kuanza kufahamiana.

Mungu awabariki katika huduma yenu.