Ng'ambo ya Mto Tana: Jiografia na Historia ya Garissa

Wanachama wenzangu, bila shaka mmewahi kumsikia mtu wa Garissa akivuka daraja la Mto Tana na kusema ati "naenda Kenya." Wengi hucheka. Mimi naona jibu limo katika jiografia na historia.

Kwanza, jiografia. Garissa ni nchi tambarare, yenye joto kali na mvua haba. Misimu ya mvua ni miwili: gu, kuanzia Aprili, na deyr, kuanzia Oktoba. Ndiyo maana wenyeji, wengi wao Wasomali, hufuga ngamia, ng'ombe na mbuzi, na huhamahama wakitafuta malisho. Upande wa magharibi hupita Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini. Kandokando yake watu hulima maembe na ndizi.

Pili, historia. Mwaka wa 1926 serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Kuingia au kutoka kulitaka kibali. Mwaka wa 1963 vita vya Shifta vilianza, vikaisha 1967. Lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991! Piga hesabu mwenyewe: takriban miaka 28 baada ya uhuru.

Kumbe neno lile halikuzuka hivi hivi tu. Tangu 2013 Garissa ni kaunti kama zile nyingine 46. Basi tukilisikia tena tusicheke. Tuwaulize wazee wetu wasimulie, nasi tuandike kabla hawajatutoka.